JOTO SI HALIJOTO: FIZIKIA INASEMEKA KWA KISWAHILI

Kuna maneno yaliyozoeleka mno shuleni hadi hakuna anayeyahoji tena. Utayasikia mezani wakati wa githeri, utayasikia bwenini baada ya kengele ya kulala, na jambo la kuudhi ni kwamba utayasikia hata vinywani mwa wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili: "Kiswahili ni cha ngonjera na mashairi, fizikia ina wenyewe." Eti ukijaribu kulieleza jambo la sayansi kwa Kiswahili utaishiwa na maneno kabla ya kufika katikati ya safari. Mimi napinga. Tena sitapinga kwa kelele za mdahalo, ambapo mtu hupigiwa makofi kwa sababu tu ana sauti nene. Nitachukua mada moja ya kidato cha tatu, ile ambayo wengi wetu tunaikariri kama kasuku, kisha nitaieleza kwa lugha hii yetu mwanzo hadi mwisho, nawe uwe hakimu.

Mada yenyewe ni kugandamiza gesi bila halijoto yake kubadilika.

Kila aliyefika kidato cha tatu anaijua Kanuni ya Boyle. Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, aliichapisha mwaka wa 1662 baada ya kufungia hewa katika mrija wa kioo uliopindwa na kuibana kwa zebaki. Ukiipunguza nafasi ya hewa iwe nusu, kanieneo yake inakuwa maradufu. Ukiipunguza iwe theluthi, kanieneo inakuwa mara tatu. Halafu kuna kijimkia cha sentensi: mradi halijoto isibadilike.

Kijimkia hicho tunakiandika kwa sababu kina alama ya bure. Tunakichukulia kama zile salamu za mwisho wa barua, "ni mimi wako mtiifu", ambazo mwandishi hazifikirii na msomaji hazisomi. Nami nasema uzito wote wa kanuni hii uko hapo mkiani.

Hebu sikia. Muhula uliopita kulizuka ubishi darasani kwetu, mwalimu akiwa ametoka. Ndugu mmoja alisema hivi: "Kama temperature haibadiliki, basi hakuna heat yoyote. Maliza." Darasa karibu lote likaafiki. Hata wale wanaopata A walitikisa kichwa. Dada mmoja wa dawati la nyuma ndiye aliyeuliza kwa Kiswahili, bila kujua kwamba ameuliza swali zito kuliko yote ya siku hiyo: "Kwani joto na halijoto ni kitu kimoja?" Watu wakacheka. Walidhani anafanya mambo ya Chama.

Si kitu kimoja, jamani. Na lugha yenyewe imetuambia, sema hatuisikilizi. Halijoto ni neno lililoundwa kwa kuunganisha "hali" na "joto". Ni hali: jinsi kitu kilivyo sasa hivi, kilivyo moto au baridi. Unaipima ukiwa umesimama hapo, unapata nambari, nyuzi 20 au nyuzi 60. Lakini joto, kwa maana ya fizikia, ni nishati inayosafiri, inayotoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini. La kwanza ni hali, la pili ni safari. Sasa niambie, mtu akisema "hali haikubadilika, kwa hivyo hapakuwa na safari", utamkubalia?

Chukua tangi la maji la shule. Fungua mfereji wa kuingizia juu, fungua na wa kutolea chini, uache maji yaingie na kutoka kwa kasi ile ile. Kiwango cha maji tangini hakitasogea hata kidole kimoja. Anayeangalia kiwango peke yake atakuapia kwamba maji hayapiti humo. Lakini aliyeweka ndoo yake chini anajua ukweli.

Gesi inayogandamizwa pasipo halijoto kubadilika ni tangi hilo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: kinachoingia si joto. Kinachoingia ni kazi.

Sasa tuingie kwenye pampu ya baiskeli, kifaa ambacho hakuna boma hapa Kimulot lisilojua mahali pa kukiazima. Vuta mpini hadi juu, ziba tundu kwa kidole gumba, halafu sukuma. Ndani ya pampu mna chembe za hewa zisizohesabika, kila moja ikirukaruka na kugonga kuta. Kugonga huko ndiko kanieneo. (Neno lenyewe linajieleza: kani juu ya eneo. Mtu akilielewa neno, ameshapata nusu ya fomula!) Unaposukuma, pistoni inakwenda kukutana na chembe. Mcheza voliboli anajua kwamba mpira ukigonga ukuta unarudi na kasi yake ile ile au pungufu, lakini ukikutana na ngumi inayokuja, unarudi kwa kishindo. Vivyo hivyo chembe zinazokutana na pistoni inayokuja zinarudi na kasi zaidi ya waliyokuja nayo. Kasi zaidi maana yake ni halijoto ya juu zaidi. Kwa hivyo kazi ya mkono wako imeingia ndani ya hewa na kuifanya iwe moto.

Lakini hewa hiyo haiko peke yake duniani. Imezungukwa na chuma cha pampu, chuma kimeshikwa na mkono, na mkono uko katika asubuhi ya Kimulot yenye ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Mau. Mara tu hewa ya ndani inapozidi halijoto ya chuma, hata kwa sehemu ya uzi mmoja, joto linaanza kutoka. Ukisukuma polepole, kwa subira ya mzee, joto linatoka kwa kasi ile ile ambayo kazi inaingia. Halijoto inabaki ilipokuwa. Kazi ndani, joto nje, halijoto palepale.

Tuweke na nambari, asije mtu akasema haya ni maneno matupu. Nyanda zetu za chai ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambapo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 80, wakati kule Mombasa ni kama 101. Tuseme tuna pampu kubwa yenye lita moja ya hewa kwa nyuzi 20, tuibane polepole hadi iwe nusu lita. Kanieneo inapanda kutoka 80 hadi 160, sawasawa na Boyle alivyosema. Kazi iliyoingia katika hewa ni karibu juli 55. (Usijisifu mapema: katika hizo, 40 umesaidiwa na hewa ya nje inayoisukuma pistoni kutoka nyuma. Mkono wako umelipa 15 tu.) Na je, joto lililotoka ni kiasi gani? Juli 55 hizo hizo. Hakuna iliyobaki ndani, kwa sababu nishati ya ndani ya gesi kama hii hufuata halijoto, na halijoto haikusogea. Yule ndugu aliyesema "hakuna heat yoyote" amepoteza juli 55 mchana kweupe.

Fanya tena, lakini sasa kwa ghafla, au uivike pampu blanketi ambalo halipitishi joto hata kidogo. Kazi inaingia na joto halina mlango wa kutokea. Hewa ile ile ikibanwa hadi nusu lita itafika karibu nyuzi 113, yaani zaidi ya maji yanayochemka, na kanieneo yake itakuwa kama kilopaskali 211 badala ya 160. Kanuni ya Boyle imeanguka hapo! Haijaanguka kwa sababu Boyle alikosea, bali kwa sababu tumeudharau mkia. Ukiiacha hewa hiyo ipoe bila kuisogeza pistoni, utaona kipimo kikishuka taratibu kutoka 211 hadi 160.

Sasa utaelewa kitu ambacho hufanyika katika maabara bila kuelezwa. Tunapofanya jaribio la Boyle kwa ule mrija wa mafuta na pampu ya mguu, mwalimu husema, "Ngojeni kidogo kabla ya kusoma." Wengi wetu hudhani tunangoja mafuta yatulie. Ni kweli, yanatulia. Lakini zaidi ya hayo tunangoja joto litoke! Anayesoma kwa haraka anapata nambari ambazo hazikai kwenye mstari, halafu anazirekebisha kwa kalamu ya risasi ili zikae. (Sitaji mtu. Tunajuana.)

Mwenye kubisha atasema pampu inapata moto kwa sababu ya msuguano wa ngozi ya pistoni na chuma. Hili ni pingamizi la haki na lina jibu. Ondoa pampu kwenye tairi, uisukume mara hamsini ikiwa wazi, kisha shika shingo yake. Halafu ifunge kwenye tairi lenye upepo wa kutosha, usukume mara hamsini tena, ushike pale pale. Msuguano umekuwepo mara zote mbili. Tofauti utakayoihisi kiganjani, kwa sehemu kubwa, ni ya kugandamiza.

Jambo hili lilipimwa zamani na kijana wa Uingereza aliyeitwa James Prescott Joule. Huyu hakuwa profesa. Familia yao ilikuwa na kiwanda cha pombe karibu na Manchester. Mwaka wa 1845 alichapisha matokeo ya jaribio ambalo naliona ni la akili sana. Alichukua pampu na chombo cha shaba, akavitumbukiza vyote ndani ya maji, akashindilia hewa humo chomboni hadi kanieneo ikafika zaidi ya mara ishirini ya kawaida, huku akisoma kwa kipimajoto chepesi mno ni kiasi gani maji yamepanda. Maji ndiyo yaliyokuwa ndoo yake ya kukingia. Kisha akaiendesha pampu bila kugandamiza hewa, ili ajue msuguano peke yake unaleta joto kiasi gani, akalitoa. Lililobaki akalilinganisha na kazi iliyofanywa. Vikalingana kwa ukaribu wa kushangaza. Ndiyo maana leo kazi na joto tunavipima kwa kipimo kimoja, nacho kinaitwa kwa jina lake.

Usidhani haya ni mambo ya Uingereza ya kale. Simama kando ya barabara lori la majani ya chai linapopita likielekea kiwanda cha Mogogosiek. Breki zake ni za upepo. Kuna kompresa inayoshindilia hewa katika matangi chini ya bodi, na ukiitazama kompresa ya aina hiyo mara nyingi utaona imechongwa mapezi kama ya samaki, au imepitishiwa maji pembeni. Mapezi yale si urembo. Ni milango ya joto. Hewa ikibanwa ikiwa moto inasukuma nyuma kwa nguvu zaidi, kwa hivyo inadai kazi zaidi. Rudi kwenye hesabu yetu: kubana kwa upole kulidai juli 55, kubana bila kutoa joto kulidai karibu 64. Zile 9 za juu ni dizeli inayoungua bure. Ndiyo sababu kompresa kubwa za viwandani hubana hewa kwa awamu, zikaipoza, zikaibana tena. Wahandisi wanaukimbilia mkia wa sentensi ya Boyle ingawa hawaufikii kamwe. Tena kuna utingo anayefungua koki ya tangi lile na kumwaga maji. Maji yameingiaje kwenye tangi la hewa? Hewa ya nchi hii imejaa unyevu. Ikishabanwa kisha ikapoa tangini, haiwezi kuubeba wote, nao unageuka matone. Utingo huyo anafanya fizikia, na akiulizwa ataieleza kwa Kiswahili bila kigugumizi.

Upande wa pili kuna kinu cha kusaga unga kinachoendeshwa kwa injini ya dizeli. Humo hatutaki kabisa halijoto itulie. Hewa inabanwa kwa haraka hadi sehemu ndogo sana ya nafasi yake ya mwanzo, joto halipati wasaa wa kutoroka, halijoto inapita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa yanawaka yenyewe bila plagi. Ni hewa ile ile, na kitendo ni kile kile cha kubana. Tofauti ni muda na mlango wa joto.

Naomba tu mtu asichanganye hili na yale majani ya chai yaliyoshindiliwa guniani yakapata moto na kugeuka mekundu, hata karani wa kituo akayakataa. Yale hayapati moto kwa kubanwa kama gesi. Majani yaliyochumwa bado yanapumua, kupumua kunaleta joto, na kushindilia kumeliziba njia. Nimesikia mtu akiyatoa kama mfano wa Boyle. La hasha.

Sasa nirudi kwa wapinzani wangu, maana najua wana hoja tatu.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili chenyewe kinachanganya. Twasema "leo kuna joto" tukimaanisha halijoto ya hewa. Na kifaa kinachopima halijoto tunakiita kipimajoto, ilhali hakipimi joto hata chembe. Ni kweli, nakubali kabisa. Lakini Kiingereza nacho kinasema mtu mgonjwa "ana temperature", kana kwamba mzima hana! Lugha ya mtaani huchanganya kila mahali. Swali ni kama lugha ina maneno ya kutenganisha pale unapotaka kutenganisha. Yetu inayo.

Ya pili ni kwamba maneno haya ni mageni. Nenda sokoni Kimulot uulize "kanieneo" uone kama utajibiwa. Sawa. Mtu atakuambia "presha", na huenda akadhani unaulizia ugonjwa wa damu. Lakini ni nani aliyezaliwa akijua maneno ya fizikia kwa lugha yoyote? Yote tumefundishwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Wenzetu wa Tanzania wamesomea sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili kwa miaka mingi, ingawa wakifika sekondari nao wanahamia Kiingereza kama sisi. Kazi ya kuunda maneno ilifanywa na watu kabla yetu. Kinachotakiwa ni vinywa.

Ya tatu ndiyo nzito: mtihani wa fizikia unaandikwa kwa Kiingereza, na Chama hakitakuja chumba cha mtihani kukutetea. Hapo sina ubishi. Sisemi mtu aandike "halijoto" katika karatasi ya KCSE. Nasema kwamba swali likisema "eleza", fomula uliyokariri haitakusaidia, na wengi wetu hatujawahi kuieleza mada yoyote ya fizikia kwa lugha yoyote ile. Kwa Kiingereza tunaona haya kukosea mbele ya wenzetu, kwa Kiswahili tumeambiwa haiwezekani, na kwa hivyo tunanyamaza na kukariri. Ubishi wa muhula uliopita uliniridhisha juu ya hili. Darasa zima lilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, na hakuna aliyeyatofautisha hadi mtu mmoja alipouliza kwa lugha anayoifikiria.

Kuna jirani yangu wa dawati ambaye bado hajakubali. Anasema dada yule alibahatisha tu, na kwamba hata kwa Kiingereza mtu makini angeuliza vivyo hivyo. Pengine. Ila hakuna aliyeuliza.

Kwa hivyo naleta ombi kwa viongozi wa Chama na kwa walimu wetu wa fizikia, ambao nawaheshimu sana. Mkutano mmoja wa Chama kila muhula uwe wa sayansi, tuukae pamoja na wenzetu wa Chama cha Sayansi, na mtu yeyote atakayesimama aeleze jambo moja la kitabuni kwa Kiswahili, wengine wamhoji hadi atoe jasho. Wa kwanza uwe huu wa pampu. Tuitumbukize ndani ya ndoo ya maji kama alivyofanya Joule, tusukume kwa zamu, tuone kama maji yatapanda hata nusu uzi. Ndoo iko bwenini. Pampu najua pa kuiazima. Kinachokosekana ni kipimajoto, na hicho kiko katika kabati la maabara, ambalo ufunguo wake anao mwalimu.